Nyumba Kijijini Mtwara na Lindi kwa Mkopo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wa Newala, Tandahimba, Masasi, Ruangwa, Nachingwea, Kilwa na pembezoni mwa miji ya Mtwara na Lindi: wakulima wa korosho, walimu, wauguzi, na watoto wa huku waliopo Dar es Salaam wanaotaka nao wawe na mlango wao nyumbani. Mengi huanza na jambo moja: mtu kasikia redioni kwamba serikali inawezesha mikopo ya nyumba, akaenda benki, akarudi na fomu na kichwa kinauma.

Serikali inatoa mkopo wa kununua au kujenga nyumba kijijini?

Kwa mwananchi wa kawaida, moja kwa moja mkononi, hapana. Hakuna dirisha la serikali pale Masasi ambako mkulima anapanga foleni na kutoka na mkopo wa nyumba. Kilichopo ni mkono wa serikali uliojificha nyuma ya benki. Mwaka 2010 ulianza mradi wa fedha za nyumba kwa msaada wa Benki ya Dunia, na ndani yake ikaundwa TMRC, kampuni inayozikopesha benki fedha za muda mrefu ili nazo ziweze kukopesha watu kwa miaka mingi. Kabla ya hapo benki zilikuwa na akiba za muda mfupi, na huwezi kumpa mtu miaka 20 ya kulipa kwa fedha ambazo mwenyewe anaweza kuja kuzidai kesho asubuhi. Kwa hiyo TMRC huendi kuiomba wewe, inaombwa na benki yako. Mradi huohuo ulikuwa na mfuko wa mikopo midogo ya nyumba chini ya Benki Kuu, nao ulipitia kwenye taasisi za fedha.

Watumishi wa serikali wana njia yao. Wizara ya Ardhi ina mfuko wa mikopo ya nyumba kwa watumishi wa serikali, wenye riba ndogo kuliko ya benki, na Watumishi Housing ilianzishwa kwa ajili ya kuwajengea na kuwauzia nyumba. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, nalo huuza nyumba, lakini hizo ni za mijini. Anayetaka nyumba Kitangari au Mnacho hatazikuta huko.

Dada yangu yuko Marekani anasema kule serikali inamdhamini mtu anunue nyumba kijijini bila hata kianzio. Ni kweli?

Ni kweli, na watu wengi wakisoma habari hizo kwenye simu wanadhani zinahusu kwetu. Kule Wizara ya Kilimo ndiyo inayodhamini. Benki inamkopesha mnunuzi, na wizara inaihakikishia benki hadi asilimia 90 ya mkopo iwapo mtu atashindwa. Ndiyo maana benki inathubutu kutoa bila kianzio. Kuna masharti: nyumba iwe eneo linalohesabika kuwa la vijijini, na kipato cha familia kisizidi asilimia 115 ya kipato cha kati cha eneo hilo.

Tofauti kubwa na kwetu ipo kwenye ardhi zaidi kuliko kwenye huruma ya serikali. Kule karibu kila kiwanja cha kijijini kimeandikishwa na kinaweza kuuzwa kwa yeyote. Hapa ardhi ya kijiji inasimamiwa na kijiji chenyewe, na hilo linabadilisha kila kitu kinachofuata kwenye ukurasa huu.

Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 haiwezi kunijengea?

Haiwezi. Ile ni fedha ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba, na ni kwa ajili ya vikundi vyenye shughuli ya kuzalisha. Kikundi cha kufyatua matofali kinaweza kuomba. Mama mmoja anayetaka kuezeka hawezi. Vivyo hivyo udhamini wa Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB: ule unamsaidia mkulima mdogo apate mkopo wa kilimo, si wa sebule.

Nina hati ya kimila. Benki itaipokea kama dhamana?

Hili ndilo swali lenyewe, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua hati ya haki miliki ya kimila kama haki kamili. Si karatasi ya daraja la pili, na kisheria inaweza kuwekwa rehani. MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha mali na biashara za wanyonge ulioanza mwaka 2004, ulikuwa na lengo hilohilo: mnyonge awe na karatasi ya kwenda nayo benki. Na zipo benki zinazoipokea.

Lakini sikiliza zinaipokea kwa nini na kwa kiasi gani. Afisa mikopo akiitazama hati yako hajiulizi kama shamba ni lako, anajiuliza: huyu akishindwa, nitamuuzia nani? Ardhi ya kijiji haiuzwi kwa mtu wa nje bila Halmashauri ya Kijiji kuridhia. Kwa hiyo benki ikinadi, wanunuzi halisi ni majirani zako, na majirani wengi hawatanunua shamba la mwenzao lililonadiwa. Watakutana naye msikitini Ijumaa, watamtazama vipi? Benki zinalijua hili. Matokeo yake hati ya kimila inafungua mlango wa mikopo midogo, ya kilimo au ya biashara, na mara chache sana inafungua mkopo mrefu wa nyumba wa miaka 15 au 20. Mkopo mrefu unadai hati miliki iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, ile ya miaka 33, 66 au 99, ambayo hutolewa kwenye viwanja vilivyopimwa vya maeneo yaliyopangiwa mji: Lindi, Mtwara, Masasi, na miji midogo inayokua kama Ruangwa au Nachingwea.

Ushauri wangu kwa mwenye uwezo wa kuchagua: kama lazima ukope benki kwa muda mrefu, nunua kiwanja kilichopimwa kwenye mji mdogo ulio karibu na kijiji chenu, na kijijini jenga kwa fedha taslimu, taratibu. Najua wazee hawapendi kusikia hivyo.

Hiyo hati ya kimila inapatikanaje?

Kijiji kwanza kiwe na cheti chake cha ardhi na mpango wa matumizi ya ardhi, kisha masjala ya kutunzia hati. Wewe unajaza maombi kwa mtendaji wa kijiji, mipaka inatembelewa na majirani wakiwapo na kusaini, Halmashauri ya Kijiji inajadili, kisha hati inaandaliwa na kusajiliwa kwa kushirikiana na ofisi ya ardhi ya wilaya. Kama kijiji chenu hakina mpango wa matumizi ya ardhi, usilipe mtu yeyote anayekuahidi hati ya haraka. Swali la kumuuliza mtendaji ni moja tu: "Kijiji kina cheti na masjala?" Akianza kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

Jina la mke na mume yaandikwe yote mawili. Nafasi ipo kwenye fomu.

Nauziwa shamba lenye nyumba. Muuzaji anasema ni lake, lakini nasikia kuna wajomba. Nifanye nini?

Usitoe hata shilingi ya kishika uchumba mpaka umekutana na hao wajomba.

Kusini hii, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo kwa asili ulihesabiwa upande wa mama. Ardhi nyingi iliyopita mikononi mwa vizazi ilipita hivyo: kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, au kwa mabinti wa ukoo. Uislamu, Ukristo, mahakama na biashara ya korosho vimebadilisha mengi, na leo wapo wengi wanaorithi kwa baba. Ila mila haikufa, imekaa kando inasubiri siku ya kuuza. Mtu anaweza kuishi mahali miaka 30, ana mikorosho aliyoipanda mwenyewe, jina lake liko kwenye daftari la chama cha msingi, na bado ardhi chini ya miguu yake ikawa ya ukoo wa mkewe kwa sababu alioa na kuhamia ukweni. Akiuza, wenye ukoo wanatokea. Na hawatokei siku ya mauziano, wanatokea ukiwa umeshafika kwenye lenta.

Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza mambo haya mbele ya watu: shamba lilitoka kwa nani, huyo alikuwa nani kwa muuzaji, na je, nyumba imejengwa kwenye eneo la kwao muuzaji au la kwa mkewe. Kama mwenye mali amefariki, muuzaji halali ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kaka mkubwa si msimamizi kwa sababu tu ni kaka mkubwa. Omba kikao cha familia, na mkataba usainiwe na wanafamilia wa pande zote mbili kama mashahidi. Mzee akikuambia, "Mwanangu, hayo ni mambo ya ndani, wewe lipa tu," mshukuru kwa heshima na uondoke.

Halafu jambo moja lisichanganywe na mila: sheria ya ardhi ya vijiji inabatilisha desturi yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Dada wa muuzaji ana sauti yake, awe ameolewa mbali au karibu.

Mikorosho iliyomo ndani inakuwa yangu?

Iandikwe. Usidhani. Huku ni kawaida mtu kuweka rehani mikorosho yake kwa misimu kadhaa: anachukua fedha leo, mwenye fedha anaokota korosho mpaka muda uishe, na ardhi inabaki ya mwenyewe. Ukinunua shamba lenye mikorosho iliyowekwa rehani, utafika mwezi wa kumi unakuta mtu mwingine anapalilia chini ya miti na ana karatasi yake. Mkataba useme idadi ya mikorosho, kama kuna rehani, na nani anavuna msimu huu.

Mimi si mwanakijiji. Naruhusiwa kununua?

Raia wa Tanzania unaruhusiwa, kwa kupitia Halmashauri ya Kijiji. Ombi lako lijadiliwe kwenye kikao, liandikwe kwenye muhtasari, nawe upate nakala ya muhtasari huo. Mhuri peke yake bila muhtasari hauna uzito siku ya kesi. Mhuri unakaa mfukoni mwa mtu, muhtasari unakaa kwenye faili.

Mwenyekiti anataka asilimia 10 ya bei ili asaini. Ni sheria?

Hakuna sheria inayompa mwenyekiti asilimia 10 ya mauziano yako. Kama kijiji kina ada iliyopitishwa, lipia na udai risiti ya serikali. Kinacholipwa bila risiti ni zawadi, na zawadi haidaiwi.

Nikikopa milioni 30, kwa mwezi nalipa ngapi?

Riba za mikopo ya nyumba nchini zimekuwa zikicheza kati ya asilimia 13 na 19 kwa mwaka, na muda wa juu kabisa ni miaka 25 hivi. Tuchukue asilimia 15, inayohesabiwa juu ya deni lililobaki.

Milioni 30 kwa miaka 15 ni rejesho la karibu shilingi 420,000 kwa mwezi. Mwisho wa safari umelipa kama milioni 75.6. Milioni hizohizo 30 kwa miaka 25 rejesho linashuka mpaka karibu 384,000, yaani umepumua shilingi 36,000 tu kwa mwezi, lakini jumla inapanda hadi kama milioni 115. Watu wengi wanachagua miaka mingi kwa sababu rejesho linaonekana dogo, na afisa mauzo hana haraka ya kuwaonyesha jumla. Mwambie aiandike, na aiandike mbele yako.

Jambo la pili la kuuliza ni namna riba inavyohesabiwa. Milioni 10 kwa asilimia 18, miaka 5, riba ikihesabiwa kwa deni linalopungua, unarejesha karibu 254,000 kwa mwezi na jumla ni milioni 15.2. Riba ileile, asilimia 18, ikihesabiwa juu ya milioni 10 yote mpaka mwisho kana kwamba hujalipa chochote, rejesho ni karibu 317,000 na jumla ni milioni 19. Matangazo yote mawili yameandika "asilimia 18". Kuna karibu milioni 4 kati yao, na milioni 4 ni mabati ya nyumba nzima na mafundi wake.

Mimi ni mwalimu, mshahara laki tisa. Naweza huo wa milioni 30?

Tupige hesabu mezani. Mshahara 900,000. Toa mchango wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5, yaani 45,000. Bima ya afya asilimia 3, 27,000. Mkopo wa elimu ya juu kama bado unadaiwa, asilimia 15, 135,000. Kodi ya mshahara karibu 91,750. Jumla ya makato ni 298,750. Sasa, kanuni ya utumishi inataka theluthi moja ya mshahara ibaki, yaani 300,000. Nafasi iliyobaki ya kukopea ni shilingi 301,250, na kama unakatwa ada ya chama cha walimu punguza 18,000 nyingine.

Rejesho la 420,000 halipiti. Kwa rejesho la laki tatu, miaka 15, riba asilimia 15, unapata mkopo wa karibu milioni 21, na hapo hukopi kingine chochote: si pikipiki, si kabati, si sherehe ya unyago ya binti wa dada yako. Ndiyo maana mtumishi aanze na mfuko wa Wizara ya Ardhi kabla ya benki, hata kama unamtaka asubiri. Riba ndogo inanunua matofali mengi kuliko haraka.

Mkopo wa nyumba usichanganywe na mkopo wa mshahara ambao watumishi wengi huutumia kujengea. Ule hauhitaji hati na unatoka upesi, ila muda wake mfupi na rejesho lake zito. Kwa kuezeka na kumalizia unafaa. Kwa kuanzia msingi, jengo litasimama kwenye madirisha na makato yatabaki yanaendelea.

Mimi mkulima wa korosho, sina mshahara. Benki itanisikiliza?

Itakusikiliza zaidi kuliko zamani, kwa sababu ya stakabadhi ghalani. Tangu msimu wa 2007/08 mfumo huo ulipoanza kutumika kwenye korosho Mtwara, mauzo yako yanapita chama cha msingi, yanakwenda mnadani chini ya vyama vikuu kama TANECU, MAMCU au RUNALI, na malipo yanaingia kwenye akaunti. Miaka mitatu au minne ya malipo hayo kwenye taarifa ya benki ni ushahidi wa kipato. Anayeuza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mfumo huo, hana ushahidi huo, ana fedha ya siku ile tu.

Shida ni kwamba korosho inalipa kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa mwaka, na benki inataka rejesho kila mwezi, Aprili ukiwa huna hata ya sabuni. Omba ratiba ya marejesho inayofuata msimu. Baadhi ya benki na SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo, hukubali kwa mkulima mwenye kumbukumbu nzuri. Wakikataa kabisa, huo mkopo hautengenezwi kwa ajili yako, usiulazimishe.

Na usikope kwa bei ya mnada mzuri. Chukua mfano wa kilo 1,500 kwa shilingi 2,500: ni milioni 3.75, kabla ya dawa, vibarua wa kupalilia na wa kuokota. Ule mkopo wa milioni 10 wa miaka 5 unakula zaidi ya milioni 3 kwa mwaka. Umebaki na nini? Msimu wa 2018 bado tunaukumbuka: wanunuzi walileta bei ndogo, minada ikasimama, serikali ikanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, lakini wapo waliosubiri malipo kwa miezi. Bei kwenye karatasi hailipi rejesho la Januari.

Kwa mkulima wa kawaida mimi naona njia bora ni SACCOS kwa mikopo midogo mifupi, hatua kwa hatua: msimu huu msingi na tofali, msimu ujao kuta, wa tatu bati. Nyumba inachelewa, lakini hakuna anayekuja kuipaka namba nyekundu.

Sitaki riba kwa sababu ya dini. Kuna njia?

Ipo. Amana ni benki inayofuata sharia kikamilifu, na benki nyingine zina madirisha yake, kama Al Barakah ya CRDB na La Riba ya NBC. Namna ya kawaida ni benki kununua nyumba au vifaa vya ujenzi, kisha kukuuzia wewe kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana tangu mwanzo, ulipe kwa awamu. Namna nyingine ni kumiliki kwa ubia, huku ukinunua sehemu ya benki kidogo kidogo mpaka iishe. Masharti ya hati ni yaleyale, na usidhani itakuwa rahisi kwa bei. Faida yake ni kwamba jumla ya deni unaijua siku ya kwanza na haipandi.

Lazima mke wangu asaini? Nyumba najenga mimi.

Lazima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzi, na benki itadai ridhaa hiyo kwa maandishi. Mwenye wake zaidi ya mmoja aliseme hilo mapema. Kuna wanaoficha, wakiogopa maneno nyumbani, kisha rehani inapingwa mahakamani na kila mtu anaharibikiwa.

Kiwanja kizuri, kinaangalia bahari au kipo barabarani. Kuna tatizo?

Huenda. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au kingo za mto, na wauzaji wa viwanja vya pwani, kuanzia Kilwa mpaka Mikindani, hawana kawaida ya kulitaja hilo. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nenda na futi kamba, pima mwenyewe. Upande wa Lindi, eneo la Likong'o limetengwa kwa mradi wa gesi asilia, kwa hiyo ukiona kiwanja cha bei ya kutupa karibu na huko pitia kwanza ofisi ya ardhi ya mkoa. Kwa kiwanja chenye hati, fanya upekuzi kwa Msajili: utajua mmiliki halisi na kama kuna benki imekwisha kukishika.

Ninunue iliyojengwa au nijenge?

Kijijini nyumba nyingi zinazouzwa ni za udongo na fito zilizopigwa plasta nje zikapendeza. Benki haikopeshi juu yake. Kwaruza kona ya chini kwa ufunguo. Ukikuta udongo mwekundu nyuma ya saruji, unanunua kiwanja, bei iwe ya kiwanja.

Kujenga kumekuwa rahisi kidogo upande wa saruji tangu kiwanda cha Dangote kianze Mtwara mwaka 2015. Kinachotesa juu ya uwanda wa Makonde ni maji. Newala na Tandahimba fundi anaweza kukaa siku nzima anasubiri madumu, na tofali lisilomwagiliwa linamomonyoka kama biskuti. Jenga tangi la kuvuna maji ya mvua kabla ya kuta, si baada. Pwani tatizo ni chumvi: mchanga wa ufukweni usiutumie kwenye zege lenye nondo, na bati jembamba litaanza kutu mapema. Barabara nayo ina lake. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara ya kutoka Dar es Salaam huku Kilwa, na aliyekuwa amelipia vifaa vya Kariakoo alingoja.

Nje ya mkopo, niweke akiba ya nini?

Mthamini aliyesajiliwa, ada ya benki, bima ya mkopo, mwanasheria, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 pale hati inapohamishwa. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, ni ya muuzaji, lakini asipoilipa hati haihami, kwa hiyo iwe kwenye mkataba nani analipa na lini. Kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000. Ukijenga kwenye miji, kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu Julai 2023.

Bima ya mkopo isomeni vizuri pamoja na mwenzi wako. Ndiyo inayolipa deni ukifariki, na familia isiyojua kuwa ipo huendelea kulipa.

Nipo Dar es Salaam, shemeji ndiye ananisimamia. Nitume fedha zote?

Hapana. Tuma kwa hatua, na kabla ya kila hatua mtu wa pili asiye ndugu wa fundi apige picha ya kazi iliyokwisha. Mkataba wa kiwanja uwe na jina lako, na anayesaini kwa niaba yako awe na hati ya uwakili iliyothibitishwa na wakili. Shemeji mwema hatakasirika.

Nikishindwa kulipa, nyumba inaondoka mara moja?

Haiondoki mara moja. Benki inapaswa kukupa notisi ya siku 60 inayosema umekosea wapi na ulipe nini ili urudi kwenye mstari. Siku hizo si za kujificha kwa ndugu Nanyumbu. Nenda benki wiki ya kwanza, omba deni lipangwe upya, na uende na ushahidi: msimu ulivyokuwa, barua ya mwajiri, cheti cha hospitali. Kama una mnunuzi wako mwenye bei nzuri, omba ruhusa uuze mwenyewe, kwa sababu mnadani nyumba ya kijijini inaondoka kwa bei ya aibu.

Usichofanya ni kuziba rejesho la benki kwa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Taasisi ndogo za fedha zenye leseni ya Benki Kuu zina ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayekutaka kadi yako ya benki na namba ya siri kama dhamana mkimbie, na hati yako ukimpa utaifuata polisi.